Mabua Ishirini na Matatu

Shangazi alinifundisha kwamba shimo lisiloota halisubiriwi. Unapita kwenye mistari ukitazama chini, na kila penye pengo unafukua kwa vidole viwili, unatia mbegu nyingine, unafukia, unaendelea. Ukiliacha wazi, husema, umeyatandikia magugu kitanda.

Kwa hiyo nilipopata kibarua kwenye kituo cha utafiti, ng'ambo ya barabara kutoka shamba letu, nikaona mapengo katika shamba la majaribio, nilifanya nilichofundishwa. Mahindi yalikuwa na wiki tatu. Mimi nilikuwa na siku mbili kazini. Wenzangu walipewa maelezo yote siku ya kupanda, na siku hiyo mimi sikuwepo. Kwenye kibanda cha zana palikuwa na bahasha imetundikwa msumarini, imeandikwa "akiba". Niliacha shule darasa la tano, lakini neno hilo nalijua. Nikachukua mbegu, nikarudishia mapengo ishirini na matatu, nikaitundika bahasha mahali pake. Sikumwambia mtu. Si kwamba nilificha; kumsemesha mtu mzima bila kuulizwa, kwangu mimi, ni kazi nzito kuliko kupalilia ekari nzima. Niliona tu kwamba nimefanya vizuri.

Mahindi yale hayakuwa ya kawaida. Watafiti walikuwa wamechukua kitu kidogo kutoka kwa kijidudu cha udongoni wakakitia ndani ya mbegu yenyewe, kwenye vinasaba vyake, hata funza anayetoboa bua akila anakufa. Serikali ilikuwa bado haijaruhusu wakulima wayapande. Yaliruhusiwa ndani ya uzio ule tu, yachunguzwe kwanza. Ndiyo maana palikuwa na waya, mlinzi, na beseni la maji getini la kuoshea buti, usije ukatoka na punje kwenye tope. Ndiyo maana pia kituo kilipanda mapema kwa maji ya pampu, wiki tatu kabla ya sisi majirani kupanda kwa mvua. Mahindi ya kituo yakimwaga chavua, yetu yawe bado hayajatoa nywele za kuipokea.

Hayo niliyajua baadaye, kidogo kidogo, kwa kusikiliza.

Kazi kubwa ilikuja mahindi yalipoanza kutoa mbelewele, yaani lile shada la juu linalomwaga chavua. Kila shada lilivalishwa mfuko wa karatasi kabla halijafunguka, mfuko ukabanwa kwa pini. Baada ya siku chache chavua ilikusanywa na kupakwa kwa mkono kwenye nywele za mahindi ya humo humo ndani, kisha shada likakatwa na kuchomwa shimoni. Tulikuwa vibarua kumi na wawili, na kwenye mstari wa pembeni yangu alikuwa Mama Pacha, mwanamke mwenye mapacha wawili na maneno ya watu wanne. Yeye ndiye aliyenibatiza jina la Kimya.

"Kimya, hebu sema neno moja tu, nijue una ulimi."

Nilicheka midomo imefungwa.

"Mwoneni," akawaambia wengine. "Hata kicheko anakivalisha mfuko."

Msimamizi wetu tulimwita Saini, akiwa hayupo, kwa sababu kwake hata kuazima jembe kulitaka saini. Siku ya kufunga kazi ya mifuko alipita mistari yote na kalamu mdomoni, akahesabu, kisha akaweka fomu juu ya meza ya kibanda. Kila kibarua alitia saini kwamba katika mistari yake mashada yote yamekatwa na yamechomwa. Mimi najua kuandika jina langu, lakini polepole, na nyuma yangu watu walikuwa wamepanga foleni. Nikaweka dole gumba. Geti likafungwa kwa kufuli.

Mabua yangu ishirini na matatu yalikuwa bado mafupi, yamezama kwenye kivuli cha wenzao, hayana shada la kukatwa. Wala hayakuwemo kwenye hesabu, maana katika kitabu cha kituo yale mapengo yalibaki kuwa mapengo.

Wiki tatu baadaye nilitumwa ndani kuziba bomba lililokuwa likivuja. Katikati ya shamba niliona shada limesimama peke yake kati ya mabua yasiyo na vichwa, kavu, limeshamaliza kazi yake. Majani ya chini yake yalikuwa na unga wa manjano. Nikaliona la pili, na la tatu. Nilijua pa kutafuta mengine kwa sababu kila moja nililitia ardhini mwenyewe. Nilihesabu yote. Kisha nikatazama ng'ambo ya uzio, ng'ambo ya barabara na mtaro. Mahindi ya shangazi yalikuwa yametoa nywele, zimeshaanza kubadilika rangi kutoka nyekundu kwenda kahawia. Zilikuwa zimeshapokea zilichopokea.

Nilimwambia Saini. Nilisimama mlangoni mwa kibanda mpaka aliposema, "Una nini, umeona nyoka?"

Nikamweleza.

"Nani alikwambia urudishie?"

"Hakuna."

"Hakuna! Dada, hapa pengo ni pengo. Pengo nalo linahesabiwa. Wenzio niliwaambia siku ya kupanda, lisipoota liacheni."

"Siku hiyo sikuwepo."

Aliyetakiwa kunieleza ni yeye. Aliketi juu ya gunia la mbolea, akaitoa kalamu mdomoni na kuitazama kana kwamba ndiyo iliyokosea.

"Sikiliza. Hii si sumu, ni mahindi. Lakini Daktari akijua ataandika ripoti, ripoti ikifika wizarani wanafunga jaribio. Watu kumi na wawili wanarudi nyumbani. Mimi pia, na nimekaa hapa miaka kumi na tisa. Halafu lile dole gumba kwenye fomu ni la nani?"

"Langu."

"Basi. Tuyakate sisi wawili, tuyachome, yaishe. La kuvunda halina ubani."

Tuliyakata. Yeye alishika panga, mimi nilishika gunia. Nikanyamaza, na safari hii kunyamaza hakukuwa aibu yangu ya siku zote. Kulikuwa kuficha, na nilijua tofauti yake.

Nilinyamaza wiki nane.

Ingekuwa rahisi kama jambo lenyewe lingeonekana. Mahindi ya kituo yalikuwa meupe na ya shangazi ni meupe. Punje iliyopokea chavua ya kituo ilifanana na dada yake wa pembeni kama pacha. Hakuna jicho la mkulima, hata la shangazi, lingeweza kuzitenganisha.

Na jicho la shangazi si la kawaida. Mbegu yake aliipata kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Bua lake ni fupi, halianguki kwa upepo, na mvua ikikatika mapema bado utapata chakula. Haiuzi. Kila mwaka huchagua mahindi ya mbegu, huyafunga mafungu kwa mafungu, kila fungu la mstari wake, kwa sababu hupenda kujua ni udongo wa wapi uliozaa vizuri, kisha huyaning'iniza juu ya jiko yapate moshi. Ikifika siku ya kupukuchua, punje za kichwani na za mkiani zinakwenda chunguni, za katikati ndizo mbegu. Nyumba kumi na tisa huja kuchukua. Wakivuna, kila nyumba hurudisha kibaba kimoja cha mbegu kwa shangazi, na akipungukiwa mmoja huchota kwa mwenzake. Kwa hiyo mbegu ile haikai mahali pamoja, inazunguka. Ikiingia kitu nyumba moja, baada ya miaka miwili imefika zote.

Na fungu zuri kuliko yote hutoka mstari wa barabarani, kwa kuwa zamani palikuwa na zizi la ng'ombe. Hatua sitini kutoka uzio wa kituo.

Asubuhi ya Jumanne shangazi aliniita jikoni. Alikuwa amepanda juu ya kigoda anagonga mahindi kwa kucha, moja moja, anasikiliza mlio.

"Yamekauka. Jumamosi tunapukuchua. Zunguka nyumba zote uwaambie waje na vyombo vyao. Na useme kwa sauti, mwanangu, siyo kusimama mlangoni mwa watu kama mdai deni."

"Shangazi," nikasema.

"Eeh?"

Nilitazama yale mafungu juu ya kichwa chake.

"Nenda basi, jua linapanda."

Nilitoka. Kwenye njia panda, kulia ni nyumba ya kwanza kati ya zile kumi na tisa, mbele ni barabara. Nilisimama pale nikafanya hesabu moja tu: nikigonga mlango huo wa kwanza na kusema njooni Jumamosi, basi mimi mwenyewe nitakuwa ndiye niliyeieneza, kwa miguu yangu na kwa mdomo wangu. Nikavuka barabara.

Ofisi ya Daktari ilikuwa mwisho wa korido. Alikuwa daktari wa mimea, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Mezani palijaa trei za punje, mizani ndogo na birika la chai. Tangu nianze kibarua nilikuwa sijawahi kuvuka kizingiti kile.

"Shikamoo."

"Marahaba. Karibu. Wewe si yule wa mistari ya kati?"

"Ndiyo. Nimekuja kusema." Nikavuta pumzi. "Mwanzo wa msimu nilirudishia mapengo, ishirini na matatu. Yalichelewa kutoa mashada, yakamwaga chavua wakati geti limefungwa. Mahindi ya shangazi yangu yalikuwa yametoa nywele. Jumamosi anagawa mbegu."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Daktari aliweka chini kikombe. Hakunifokea. Alivuta ramani ya shamba na rula.

"Uliyaona lini?"

"Wiki nane zimepita."

"Wiki nane! Na leo umekuja kwa nini?"

"Mbegu zikishatoka Jumamosi, hazirudi."

Akaagiza Saini aitwe. Saini aliingia, akaniona, akajua. Hata hivyo alijaribu.

"Daktari, huyu binti ni mpole sana, mtu akimwambia ndoto na yeye anaota. Fomu ipo. Dole gumba lake lipo."

"Dole ni langu," nikasema. "Lakini visiki navyo vipo. Tuliyakata sisi wawili. Wewe ulishika panga."

Tulikwenda shambani sote watatu. Nilitangulia bila kutazama ramani. Kisiki cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha saba Saini alisema, "Inatosha." Daktari akasema, "Haitoshi," tukaendelea mpaka cha ishirini na tatu. Hapo Saini akavua kofia.

"Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze," alisema. "Iandikwe hivyo."

Nilimheshimu kwa hilo, japo lilichelewa.

Tuliporudi ofisini Daktari alifungua kabati akatoa kopo la vikaratasi vyembamba vya kupimia. Unasaga punje, unatia maji, unachovya karatasi. Ukitokea mstari mmoja, kitu cha kituo hakimo. Mistari miwili, kimo.

"Tufanye hivi," alisema. "Lete mahindi kumi ya shangazi yako, mwambie tunapima unyevu. Tukikuta hakuna kitu, tutakuwa tumeokoa watu na hofu ya bure. Tukikuta kipo, ndipo tutamweleza."

Alisema kwa upole na alikuwa amechoka. Nilimwelewa. Lakini kitu ndani yangu kilikataa kabla sijapata maneno yake, ikabidi niyatafute nikiwa nimesimama mbele yake.

"Hapana, Daktari."

"Hapana?"

"Mara ya kwanza imeingia kwake bila yeye kuulizwa. Hiyo ni bahati mbaya, na ni kosa langu. Tukichukua mahindi yake kwa kumdanganya, hiyo ya pili haitakuwa bahati mbaya. Nitamwambia mimi, leo. Halafu akikubali, mtapima."

"Na asipokubali?"

"Mbegu ni yake."

Daktari aliikunja ile ramani. "Mimi nilisomeshwa na shamba la mahindi," alisema. "Mwaka ule funza walipokula yote, mdogo wangu aliacha shule. Ndiyo maana niko hapa. Naiamini kazi hii." Akachukua lile kopo akaliweka mkobani. "Haya. Nenda umwambie. Nitakuja saa tisa, na nitabisha hodi."

Shangazi alikuwa bado jikoni. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitalia, na machozi yangemfanya anibembeleze badala ya kunisikiliza. Alisikia yote. Alishuka kwenye kigoda, akakikalia.

"Wiki nane umekula kwenye sahani yangu, unajua."

"Ndiyo, shangazi."

"Na mimi nakuita mpole." Alitikisa kichwa. "Upole gani huo? Mtu mkimya nyumba ikiungua na yeye mkimya?"

Alikaa hivyo mpaka chungu kilipochemka kikamwagikia moto. Kisha akasema, "Umekwenda kuwaambia hizo nyumba kumi na tisa?"

"Bado."

"Angalau hilo."

Daktari alipofika, shangazi alimkaribisha kiti lakini hakumkaribisha chai, na kwa shangazi hilo ni neno zito. Alimuuliza maswali mwenyewe, moja baada ya jingine, mikono imekunjwa.

"Nikiila, itanidhuru?"

"Sidhani, mama. Vipimo vyote mpaka sasa vinaonyesha haidhuru. Lakini hatujamaliza kupima, na wewe hukuulizwa. Siwezi kukupa 'sidhani' yangu uile."

"Nikiipanda?"

Daktari alivua miwani. "Kile kilichotiwa ndani kina wenyewe. Ni cha kampuni. Kwa sheria, hairuhusiwi kupandwa nje ya uzio wetu."

Shangazi alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Yaani dume la jirani livunje uzio, liingie kwangu, lipande mtamba wangu, halafu mimi ndiye niitwe mwizi wa ndama!"

"Hutaitwa. Nitaandika kwamba kosa ni letu."

"Andika. Na nakala niachie hapa nyumbani, huyu mtoto ataisoma."

Daktari aliandika pale pale, nakala mbili. Nilisoma kwa sauti, neno kwa neno, nikikwama na kuanza upya, na hakuna aliyeniharakisha. Ndipo shangazi alipotoa ruhusa ya kupima. Daktari alisema achague mafungu matano. Nikasema yote. Yalikuwa thelathini.

"Vikaratasi havitatosha," alisema Daktari.

"Basi vifuatwe vingine."

Shangazi alinigeukia kama mtu aliyesikia kinu kinaongea.

Tulifanya kazi ile Jumatano na Alhamisi, kwenye mkeka nje ya jiko. Mimi nilipukuchua kiganja kutoka kila hindi la fungu, nikatwanga, Daktari akachanganya maji na kuchovya. Shangazi aliinama akatazama karatasi ya kwanza ikipanda maji.

"Si ndivyo vinavyopima mimba hivi?"

"Vinafanana, mama."

"Haya, tuone nani kambebesha nani."

Daktari alicheka mpaka akafuta miwani. Lakini karatasi ya kwanza ilitoka mistari miwili, na hakuna aliyecheka tena. Fungu la barabarani, lile zuri kuliko yote: miwili. La mstari wa pili kutoka barabarani, la tatu, la nne, mpaka la nane: miwili. La tisa mstari wa pili ulikuwa hafifu kama unywele. La kumi, mmoja. La kumi na moja, mmoja, na kuanzia hapo mmoja mpaka la thelathini. Mashamba mengine mawili yanayogusa barabara nayo yalipimwa, wenyewe wakiwa wamesimama pale. Moja halikuwa na kitu, la pili lilikuwa nacho kwenye mistari miwili ya mbele.

"Kuanzia la kumi ni salama," alisema Daktari. "Naweza kuweka saini."

Nilitazama fungu la tisa na la kumi, yalivyokaa bega kwa bega kwenye mkeka.

"Upepo hausomi mistari," nikasema. "Tumepima kiganja, hatujapima kila punje. Tuanzie la kumi na tano."

"Hapo mnapoteza mbegu nzuri nyingi."

"Tutapoteza."

Shangazi aliinama, akachukua fungu la kumi na nne, akalitupa upande wa pili mwenyewe.

Mafungu kumi na manne yaliingia magunia manne, yakafungwa kwa waya, yakasubiri gari la kituo liyapeleke kuchomwa. Yalikuwa karibu nusu ya mbegu ya mwaka, na nusu iliyo bora. Ijumaa nilizunguka nyumba kumi na tisa. Sikusimama mlangoni. Nilibisha hodi, nikaingia, nikaeleza kila nyumba jambo zima na kwamba lilianza na mkono wangu. Nyumba ya kwanza nilitetemeka mpaka wakanipa maji. Nyumba ya kumi sikuyahitaji.

Siku hiyo hiyo habari ya kituo ilifika. Wizara imesimamisha jaribio mpaka uchunguzi uishe. Saini ameambiwa akae nyumbani. Vibarua wote kumi na wawili wamesimamishwa, na mimi nimeambiwa kwa barua, yenye lugha nzuri, nisirudi kabisa.

Jumamosi watu walikuja na vyombo vyao. Shangazi aliketi kwenye mkeka, mimi nilishika kibaba cha kupimia, na kila nyumba ilipata nusu yake ili zitoshe wote. Wengine walinung'unika, wengine walitania. Wa tano alikuwa fundi baiskeli, mwanamume mchangamfu aliyevuniwa shamba na funza miaka mitatu mfululizo. Hakutazama mbegu kwenye mkeka. Alitazama magunia.

"Kimya, mwanangu," alisema akinisogelea. "Hizo si ndizo zinazoua funza?"

"Ndizo."

"Na unazichoma?"

"Tunazichoma."

"Nyinyi mna wazimu! Mtu ana kiu, unamwaga maji mbele yake. Nitie kiganja kimoja tu. Hakuna atakayejua."

Watu waligeuka kunitazama. Alikuwa na haki ya kutaka. Mwaka uliopita niliona mwenyewe mabua yake yamelala chini. Joto lilinipanda usoni kama kawaida yangu, lakini sikuinamisha kichwa.

"Baba, wiki nane hakuna aliyejua. Angalia tulipofikia. Huenda ni mbegu nzuri. Huenda siku moja itaruhusiwa, nami nitakuwa wa kwanza kuja kukwambia. Siku hiyo utaipanda ukiwa unajua ni nini, na jirani yako asiyeitaka atajua namna ya kukaa mbali nayo. Leo ukiipanda, unawapandia na hawa wote, na hawajakubali. Sikupi."

"Hata kiganja?"

"Hata punje."

Alinung'unika kwamba watoto wa siku hizi wamekuwa mahakimu. Kisha akatega chombo chake, nikampimia nusu kibaba kama wengine.

Mama Pacha alikuja wa mwisho. Hakunisalimu. Hakutania. Alisalimia shangazi, akasimama mbele yangu na bakuli, akitazama juu ya kichwa changu.

"Watoto wangu wawili," alisema. "Kazi ile ndiyo niliyokuwa nayo."

"Najua, dada."

"Unajua." Alitikisa kichwa. "Ungeweza kunyamaza wewe. Kunyamaza ndiyo kazi unayoijua kuliko mtu yeyote duniani."

"Nililijaribu hilo. Ningeendelea, leo ningekuwa nanyamaza tena huku nakujazia bakuli."

Nilichota nusu kibaba, nikaisawazisha kwa kiganja, nikamimina bakulini mwake polepole ili asikose hata moja. Alichovya vidole kwenye zile punje, akaokota moja, akaiinua kwenye mwanga kana kwamba ingemwambia kitu.

"Hii haina?"

"Tumeipima. Haikuonekana. Zaidi ya hapo siwezi kukuapia."

Aliitazama kidogo tena, akairudisha pamoja na nyingine, akafunika bakuli kwa ncha ya kanga yake na kugeuka kwenda. Alipofika kwenye kona ya jiko alisimama bila kugeuka.

"Nikianza kupanda, uje unisaidie. Mgongo unaniuma."

"Nitakuja."

"Na mashimo yasiyoota," alisema, "uniulize kwanza."